Mrejesho: petroli au dizeli kwa gari la familia, Tanga

Wakuu, nawashukuru nyote mliojibu nilipouliza kama ninunue Noah ya petroli au gari la dizeli la viti saba, yote mawili yakiwa yametumika. Nimechukua Noah.

Hoja iliyoamua ni ile ya aina ya safari zangu, yaani Raskazone hadi Ngamiani, shuleni, sokoni na kurudi, umbali ambao injini ya dizeli ya kisasa haipati joto la kutosha kuunguza masizi yanayonasa kwenye kichujio cha ekzosi, hata kikaziba. Nilifuata pia ushauri wa kwenda na fundi asubuhi, injini ikiwa baridi. Ile ya dizeli iliwaka kwa kusuasua, na fundi alipofungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, moshi ulifuka kama birika la chai. Akakirudishia bila kusema neno, akajifuta mikono, tukaaga.

Hata hivyo, walioniambia kwamba petroli itanitosha kwa safari zote wamepatia nusu. Hadi Segera sina lalamiko, lakini kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, gari likiwa limejaa watu na mizigo, nililazimika kuweka gia ndogo karibu kila kona, na mshale wa mafuta ulishuka kwa namna isiyopendeza. Mliotetea nguvu ya dizeli mlimani mlikuwa na haki. Anayepanda huko kila wiki asiniige. Mimi huenda sikukuu tu, na siku hizi nikifika Mombo huzima kiyoyozi.