IST inamisi ikishapata moto, fundi anasema kontroli boksi: naomba ushauri kabla sijanunua

Dereva_Kizota:
Habari wakuu. Nina Toyota IST ya 2003, injini 1NZ, cc 1500. Ikiwa baridi inakwenda vizuri. Baada ya dakika 20 hivi inaanza kumisi (inakatakata, silinda haichomi vizuri), na penye mzigo ndiyo shida zaidi: kupanda mlima Nyang'oro ukitokea Mtera inatikisika na taa ya injini inawakawaka. Kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka kidogo tu. Mashine ya kupima imesoma msimbo P0303. Plagi ni mpya. Fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa, nitafute ya mtumba. Nianzie wapi?

Umeme_Magari_Dom:
Mkuu, hela ya boksi iache mfukoni kwanza. P0303 inasema silinda ya 3 haichomi sawasawa, basi. Inaweza kuwa koili (inayozalisha umeme wa cheche), plagi, nozeli (inayopuliza petroli), waya, hata kompresheni (mgandamizo wa silinda). Tena inayosumbua ikiwa ya moto na yenye mzigo mara nyingi ni koili. Unapokanyaga mafuta mlimani, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka kwenye plagi. Koili iliyochoka inatosha kwenye sailensi lakini huko inashindwa, na joto linaufungua ufa wa ndani.

Kipimo hakina gharama. Zima gari, toa ufunguo. Silinda ya 1 ni ya upande wa mkanda. Kwa spana namba 10 fungua koili ya 3 na ya 2, zibadilishane nafasi. Plagi usiziguse bado, ukihamisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa kibovu. Futa msimbo, endesha mpaka ipate moto, panda mlima, soma tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbaya. Ikibaki P0303, hamisha plagi ya 3, rudia. Bado? Nenda kwenye nozeli, kisha kompresheni.

Hata plagi mpya ziangalie. Nyingi za injini hii zina 11 mwishoni mwa namba, maana yake mwanya wa mm 1.1. Pima kwa fila (vibamba vya kupimia mwanya), kwa sababu bandia zipo nyingi na mwanya wake hauaminiki.

Dereva_Kizota:
Ahsante mkuu. Je, koili siwezi kuipima kwa mita tu?

Umeme_Magari_Dom:
Hizi hapana. Ina waya nne na ignaita yake (swichi ya kielektroniki ya kuwasha na kukata umeme wa koili) imo humo humo ndani, kwa hiyo omu utakazosoma hazina maana. Kupima omu ni kwa zile za distribyuta (kigawa cheche), mfano injini ya 5A. Na tafadhali usichomoe koili injini ikinguruma ili uone cheche inavyoruka hewani. Umeme huo ni maelfu ya volti. Ukikosa njia ya kwenda ardhini unatoboa koili, na ignaita inaweza kufa nayo. Ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, zima, chomoa soketi ya koili moja, washa usikilize. Ile ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, ndiyo hiyo.

Mama_Nzuguni:
Chungulia pia visima vya plagi (mashimo zinamokaa) kwa tochi. Vumbi la Dodoma linafanya watu waoshe injini kwa maji ya presha, maji yanabaki mle chini na cheche inapita pembeni. Ukikuta oili, gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka. Oili inalainisha mpira wa koili.

Mzee_wa_Wayaringi:
Kuhusu boksi, lina haki ya kupimwa kabla ya kuhukumiwa. Swichi ikiwa oni, kwenye soketi ya koili pima volti za betri, kama 12. Waya wa ethi hadi bodi usizidi omu 1. Kisha waya wa IGT, unaoleta amri kutoka kwenye boksi: injini ikizunguka, taa ndogo ya LED yenye rezista ya omu 1,000 iwakewake. Usitumie taa ya balbu, inavuta umeme mwingi na inaweza kulichoma hilo boksi zima. Amri ikikosekana kwenye koili moja tu, na waya kutoka boksi hadi soketi ni mzima, hapo ndipo unalishuku boksi.

Boksi zinazokufa sana kwa umri ni za miaka ya 1990. Kapasita zake zinavuja, ukifungua unasikia harufu kama ya samaki, na majimaji hayo yanakula njia za shaba. Hizo unabadilisha kapasita: maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, za kustahimili nyuzi joto 105. Ya mtumba lazima namba zilingane, na kama gari ina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) haitawaka bila kusajili ufunguo.

Dereva_Kizota:
Nimehamisha. Imesoma P0302, na kisima cha 3 kina oili. Ninunue koili moja au zote nne?

Umeme_Magari_Dom:
Moja inatosha, namba ya juu yake ilingane na ya zamani. Anza na gasketi ya tapeti kava, kausha kisima kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi, la sivyo oili inadondokea ndani ya silinda. Na mpaka utakapofunga koili mpya, usipande mlima na gari hilo: taa ikiwakawaka, petroli isiyoungua inaenda kuyachoma masega ya eksozi (katalisti, inayosafisha moshi).