Mjadala: Mafuriko yakikata barabara ya Morogoro–Dodoma, alipe nani? Sisi peke yetu au na majirani?

Wadau, kila mvua kubwa inapokata barabara kuu, hoja ni ileile: malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo ndiyo yanayochakaza lami yetu, basi tozo ya magari ya nje ipande, majirani wachangie ukarabati. Wengine wanajibu kwamba barabara ni ya Tanzania, Hazina ilipe, basi. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Tuitazame barabara yenyewe. Lori lenye mzigo wa kuvukia Rusumo, mpakani na Rwanda, au Kabanga, mpakani na Burundi, linapita Morogoro, Dodoma, Singida. Januari 2014 mafuriko yalikata daraja la Dumila. Machi 2020 maji yakaondoka na tuta pale Kiyegeya, malori na mabasi yakabaki yamepanga foleni pande zote mbili. Njia ikikatika hapo, unazunguka Iringa na Mtera, au unapanda hadi Arusha ushukie Babati. Semitrela yenye kontena inakunywa dizeli kiasi gani kwa mzunguko huo? Na hasara haimwishii mwenye mzigo wa Kigali. Mwenye lori aliyeko Dar anaumia, dereva na utingo wake posho inawaishia njiani, nyanya za mkulima wa Gairo zinaozea barabarani.

Sasa hili la majirani. Hawapiti bure! Lori la nje linatozwa kwa kutumia barabara zetu, na tozo hiyo inaingia Mfuko wa Barabara pamoja na ushuru wa mafuta na tozo za kuzidisha uzito kwenye mizani. Ukimwambia aongeze, ana jibu. Mwaka 2013 Rwanda ilipandisha tozo ya malori ya Tanzania kutoka dola 152 hadi dola 500, kwa maelezo kwamba sisi tulikuwa tunawatoza kiasi hichohicho. Walioumia ni wasafirishaji wa pande zote mbili, mpaka tozo ziliposhushwa tena.

Hoja ya Hazina ina kasoro nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mfuko wa Barabara kazi yake kubwa ni matengenezo ya kila mwaka. Daraja likisombwa ghafla na fedha zikachotwa humohumo, lazima kuna kazi iliyokwisha kupangwa itakayosogezwa mbele. Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini. Bodaboda wa Kilosa anailipa hiyo mia. Si haki barabara ya kijijini kwake isubiri ili ushoroba wa kimataifa, yaani njia kuu ya mizigo ya nchi jirani, ufunguke.

Ninachotaka ni akaunti ya dharura. Sehemu ya tozo ya magari ya nje, hiihii inayokusanywa leo bila kuongezwa hata senti, itengwe kwa ajili ya maafa ya barabara kuu zinazokwenda mipakani. Hesabu zake ziwekwe wazi, na nchi zinazolipa zizione kupitia Wakala wa Ushoroba wa Kati, chombo cha pamoja cha nchi zinazotumia njia ya Bandari ya Dar, ambao Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo tayari ni wanachama. Kwa njia hiyo jirani anachangia, tena anaona fedha yake ilikokwenda.

Na fedha hiyo isirudishe kalavati la kipenyo kilekile lililozidiwa na maji. Hapo tutakuwa tumelipia mafuriko yajayo. Ijenge daraja pana zaidi, iimarishe kingo za mito, na inunue madaraja ya chuma ya dharura yakae Morogoro na Dodoma kabla ya masika.

Najua kuna atakayesema majirani wanayo bandari ya Mombasa, kwa nini wajali? Njia hiyo nayo inapita Uganda, na huko nako kuna mafuriko. Mei 2023 daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala–Masaka lilifungwa kwa mafuriko, na barabara hiyo ndiyo inayoelekea Katuna kuingia Rwanda. Nchi isiyo na bahari inahitaji njia zote mbili ziwe hai.

Kwa hiyo wanaotaka tozo ipande naomba wanijibu moja: Kigali ikilipiza kama ilivyofanya mwaka 2013, dereva wa Kitanzania aliyekwama Rusumo ile tofauti ya tozo mtamlipia nyinyi?