Je, kubariki wapenzi wa jinsia moja ni sawa na kuwafungisha ndoa?

Swali: Ndugu zangu, tangu Vatikani ilipotoa tamko lake la tarehe 18 Desemba 2023, nasikia waumini wakidai kwamba Kanisa Katoliki sasa linafungisha ndoa za jinsia moja. Je, ni kweli?

Jibu la 1: Si kweli, ndugu. Padre ameruhusiwa kuwaombea baraka watu wawili wanaomwendea, lakini kwa maneno mafupi, bila ibada rasmi wala mavazi na ishara za arusi; fundisho kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke halikuguswa. Hata hivyo, Januari 2024 maaskofu wa Afrika walikataa baraka hizo.

Jibu la 2: Walutheri wa Sweden, kwa upande wao, hufungisha ndoa hizo kanisani tangu 2009, ingawa mchungaji asiyeafiki halazimishwi.

Jibu la 3: Mimi hunisikitisha kuona mjadala ukiwasahau wahusika. Nilimwona mama mmoja ameketi benchi la mwisho na mwanawe, kitabu cha nyimbo kimefumbwa mapajani, na ibada ilipokwisha hakuna hata mmoja wetu aliyewapa mkono. Hilo, naamini kwa dhati, halikuhitaji ruhusa ya askofu.