Naomba ushauri: konokono wachanga wamejifungia kiangazi, niwaamshe?

Habari za saa hizi wakuu. Niko Masasi, Mtwara, nafuga konokono wakubwa wa nchi kavu wa kuuza kwa walaji. Kipindi cha mvua walitaga vizuri sana. Kila mmoja ana jinsia zote mbili, kwa hiyo wakipandana wote wawili wanaweza kutaga, na mayai wanayafukia kwenye udongo laini, meupe kama punje za mtama. Yaliangua vizuri.

Sasa jua limekaza. Wakubwa wamejichimbia na kuziba mdomo wa gamba kwa utando mkavu. Hao hawanipi presha, wanaweza kukaa hivyo miezi. Ninaowahofia ni wachanga: nao wamejifungia, na hawali kabisa, wakati wanahitaji kama miezi 6 ya kula vizuri ndipo wakomae. Majani ya mpapai na maganda ya mayai niliyosaga (bila kalsiamu gamba linakuwa jembamba) yanakauka tu bandani.

Nikimwagilia kila jioni wataamka waendelee kukua, au nitawadhoofisha? Maji huku tunanunua kwa ndoo, na udongo wetu wa kichanga haukai na unyevu. Nichanganye na mboji? Niwafunike kwa magunia mabichi? Mwenye uzoefu wa kuwavusha wadogo hadi mvua za Desemba anisaidie tafadhali.