Mzabuni wa taka: kufuata hela hakosi, kufuata taka hafiki!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Leo siku ya 19 gari la taka halijakanyaga mtaani kwetu, huku uswahilini Dar. Viroba viko nje ya geti, mbwa wamevichana, pampasi zimetapakaa, funza wanatambaa hadi kibarazani kwa jirani yangu anayeuza maandazi. Kila asubuhi anamwaga majivu ndipo awashe jiko.

Halafu jana saa mbili asubuhi kijana wa mzabuni, yaani kampuni iliyopewa kazi ya kuzoa taka za mtaa wetu, kabisha hodi na mashine ya risiti. "Mama, ada ya taka ya mwezi huu." Nikamuuliza, taka zipi mlizobeba? Akasema yeye ni wa makusanyo tu, mambo ya gari hayamhusu. Nikigoma nitaletewa mgambo, nipelekwe kwa mtendaji.

Kinachoniuma ni kwamba siwezi kutafuta mwingine. Mtaa mzima kakabidhiwa yeye. Kijana wa guta akipita usiku nampa buku anipunguzie, na najua fika anakwenda kumwaga mtaroni. Masika yakianza maji yanaturudishia taka zile zile ndani. Mwaka jana niliokota maganda yangu mwenyewe ya ndizi chini ya kitanda cha mwanangu.

Sisemi kazi irudi jiji. Jiji lilishindwa, hadi wakazi wa Tabata wakalishtaki mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililokuwa kwao. Mwaka 1994 ikaingia kampuni binafsi katikati ya mji, baadaye zikaongezwa nyingine nyingi. Sawa. Lakini mzabuni anaishi kwa ada zetu, na kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi ni mafuta na foleni. Ada anaipata hata asipokwenda, sasa aende kwa nini? Hata akija, gari linaishia kwenye lami, linapiga honi dakika tano, linaondoka. Bibi wa kichochoroni atakimbiaje na kiroba?

Nataka taka ziondoke kwanza, mjumbe asaini kwamba gari limefika, ndipo tulipe. Serikali ya mtaa nimekwenda mara tatu kuomba niuone mkataba tu. Naambiwa uko manispaa.

Kesho nakwenda huko na picha. Kama kuna ambao mtaa wenu uliwahi kumng'oa mzabuni, nielezeni mlianzia ofisi gani na mlibeba karatasi gani.