Mwenye nyumba kaniita mchafu mbele ya mama mkwe, kumbe sinki lake halina trapu!

Wakuu, habari za jioni. Nauandika uzi huu nimekaa kibarazani kwa sababu jikoni hakukaliki, na hasira nilizonazo zinatosha kuivisha maharage. Atakayeona nimekosa adabu anisamehe mapema.

Nimepanga nyumba hapa Mwanga, Kigoma, huu mwaka wa pili. Nalipa miezi sita kwa mkupuo, sijawahi kuchelewa hata siku moja. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima zake, ana kijana wake yuko Marekani. Mwaka jana huyo kijana alikuja likizo na mizigo, mmojawapo mashine ya kusaga mabaki ya chakula, ile inayofungwa chini ya sinki. Unasukumia maganda kwenye tundu, unafungua maji, unabonyeza swichi, inanguruma, vitu vinaondoka na maji. Mzee akaja na fundi wake wakaifunga kwangu. Mimi sikuulizwa. Nikaambiwa tu, "Mwanangu umebahatika, hii hata kwa wakubwa hawana."

Bahati gani! Mashine yenyewe ni ya umeme wa volti 120, ukutani kwetu mna 230, ikabidi iwekewe transfoma, lidude zito kama tofali ambalo sasa linalala kwenye kabati la sufuria zangu. Halafu inataka maji ya bomba yatiririke muda wote inaposaga, na ukishazima uyaache tena kidogo yasukume kilichosagwa. Mtaa wetu maji ni ya zamu. Siku yasipotoka nikae na ndoo ya lita 20 nimwagie maganda, wakati uani kuna bata wanne wanaogombania makombo hayo hayo?

Lakini mzee alikuwa akipita kukagua, "Mnaitumia?" Basi tukaitumia.

Mwezi wa sita ndiyo harufu ikaanza. Mwanzoni kama dagaa waliochacha. Baadaye ikaongezeka nyingine juu yake, ya yai viza. Jirani akimwaga maji ya kufulia, sinki langu linacheua, glu glu glu, halafu inapanda hewa ambayo sina namna ya kuieleza mbele za watu. Nilisugua sinki mpaka likang'aa. Nikatupia maganda ya ndimu, nikaisagisha barafu na chumvi, nikamwaga bekingi soda na siki. Ndimu inanukia saa moja, povu linapendeza kulitazama, jioni harufu iko palepale.

Sasa sikilizeni. Jumapili mama mkwe kaja kutoka Kasulu. Nimempikia migebuka, ugali wa muhogo, kila kitu. Mzee kapita kusalimia, kafika mlangoni kaziba pua na kofia yake, kasema kwa sauti, "Mama, nyumba yangu haijawahi kunuka. Usafi ni wako, na gari la kunyonya chemba utalipa wewe, maana taka ni zako." Mama mkwe hakusema neno. Alisogeza sahani pembeni taratibu, akaniuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Wanawake wenzangu mnajua uzito wa swali hilo.

Mafundi wawili walikuwa wameshapita. Wa kwanza kachukua elfu 30, kachokonoa na waya, kaondoka. Wa pili ndiye nikimkumbuka napandwa na wazimu. Kaja na kostiki soda, kamimina, kasema niache usiku kucha. Jamani, hapa ni Kigoma! Bomba la jikoni limejaa mawese, na mawese na kostiki ni nini kama siyo sabuni? Watoto wetu wanajua gwanji, sabuni yetu ya mawese, inavyopikwa. Asubuhi maji hayashuki kabisa, ametutengenezea gwanji ndani ya bomba. Elfu 45 hiyo. Na kostiki inaweza kula mpira wa mashine, na ikikurukia machoni ni hospitali.

Wa tatu ni kijana kutoka Ujiji. Jambo la kwanza kuchomoa waya ukutani. Wa mwanzo walikuwa wanaingiza mikono umeme umo! Kauliza tochi na mswaki wa zamani. Pale kwenye tundu kuna mpira wenye mikato kama petali, unaozuia vitu visiruke. Juu ni msafi, mimi nausugua kila siku. Kijana akaukunja. Wakuu, upande wa chini ulikuwa mweusi, unateleza kama tumbo la konokono, na vichwa vya dagaa vimenata humo vinanitazama. Kumbe mashine hii haina visu. Ina sahani inayozunguka na vyuma viwili vinavyocheza juu yake, inakirusha chakula kwenye ukuta wenye meno kisagike. Inaporusha, mengine yanapigwa chini ya mpira na kubaki, na barafu yangu yote ilikuwa inagonga huko chini, haikuufikia.

Tukausugua kwa mswaki, sabuni ya vyombo na maji ya moto, mara tatu ndipo ukarudi rangi. Hilo kosa nusu nalikubali ni langu, ingawa aliyeileta hakunionyesha.

Kingine cha kwangu ni mawese. Nilikuwa namwaga maji ya moto nikidhani nayayeyusha yaondoke. Yanayeyuka kweli, yanakwenda kuganda mbele ambako mkono haufiki. Asubuhi za Juni hata chupa ya mawese mezani inashika mpaka uianike juani, itakuwa bomba lililo chini ya sakafu? Sasa sufuria ya mawese naifuta kwanza kwa karatasi, na wakati wa kusaga ni maji ya baridi tu, mafuta yashikane yakiwa vipande yasagwe yaende.

Harufu ya dagaa ikaisha siku hiyo hiyo. Ya yai viza ikabaki.

Kijana akalala chali chini ya sinki, kimya, halafu akacheka. "Mama, trapu iko wapi?" Trapu ni ile kona ya bomba iliyopinda, inayobakiza maji kidogo ndani, na hayo maji ndiyo yanayozuia hewa ya shimo isipande. Haipo! Mashine ilipofungwa ilishusha tundu la kutolea maji likawa chini kuliko bomba la ukutani, fundi wa mzee badala ya kuteremsha bomba akaitupa trapu, akaunganisha mpira mmoja kwa mkato hadi kwenye chemba. Yaani tangu mwaka jana mimi na wanangu tunavuta hewa ya shimo la mzee, halafu mchafu ni mimi!

Na hilo shimo limejaa kwa nini? Mashine haili taka, inazihamisha. Kwa Marekani mara nyingi zinaishia kwenye mabomba ya majitaka ya mji, na hata New York walizikataza sehemu kubwa ya jiji kwa miaka mingi, hadi 1997, wakihofia mabomba yao. John Hammes aliyeibuni kule Wisconsin mwaka 1927 hakuwaza shimo la uani Mwanga wala mawese. Ugali, mifupa ya migebuka na nyuzi za maboga ya mwaka mzima vimekwenda mle, wakati zamani vilikuwa vya bata.

Kijana anataka elfu 60 kuteremsha bomba na kuweka trapu. Nishatoa 75 kwa wale wawili. Wakuu mnaojua mambo ya upangaji: hii ni yangu au ya mwenye nyumba? Nikilipa mwenyewe naweza kukata kwenye kodi ijayo bila kufukuzwa? Na gari la kunyonya je?

NYONGEZA, saa 2 usiku: Nimemtumia mzee picha ya chini ya sinki. Kajibu, "Nani kakupa ruhusa ya kufungua mashine ya mwanangu?" Kuhusu trapu hakuna neno. Nimemjibu shikamoo baba, karibu Jumamosi mchana, nitakupikia migebuka, na kiti chako nitakiweka karibu na sinki.