Naomba ushauri: mfano wa kukunja ulimi niuache?

Walimu wenzangu wa baiolojia, habari za kazi. Nafundisha kidato cha nne, tumefika kwenye tofauti za viumbe. Zile za mfululizo hazinisumbui: wanafunzi wanapimana urefu ukutani, tunachora grafu, wengi wanaangukia katikati na warefu sana au wafupi sana wanakuwa wachache. Makundi ya damu nayo yako wazi. Ni A, B, AB au O, hakuna wa katikati, na chakula hakibadilishi kitu.

Kinachonikwaza ni kukunja ulimi, yaani kuinua kingo zake uwe kama mrija. Vitabu vingi vinauweka mfano huu pamoja na makundi ya damu, kama sifa inayorithiwa tu kutoka kwa wazazi, lakini tangu 1952 inajulikana kuwa mapacha wa kufanana wanaweza kutofautiana, mmoja akakunja na mwenzake asiweze. Tena mtoto anaweza kurudi nyumbani akamtilia shaka baba yake kwa sababu ya ulimi tu! Hilo linaniumiza sana.

Je, niuache hata kama unaweza kutokea kwenye mtihani? Nafikiria kutumia kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, maana wanafunzi wanawafuga. Aliyewahi kujaribu naomba anielekeze.